Serikali, misheni au binafsi: utibiwe wapi?

Mjomba wangu alishuka kwenye treni kutoka Kilosa akiwa na ngiri na karatasi tatu. Ngiri alikuwa nayo tangu masika ya mwaka juzi, akiirudisha ndani kwa kiganja kila ilipotokeza, kama mtu anayesukuma mlango usiofunga vizuri. Karatasi alizikusanya ndani ya wiki mbili: moja ya hospitali ya serikali, moja ya misheni, moja ya hospitali binafsi ya mjini. Akazitandaza kwenye meza ya sebuleni na kuziwekea glasi juu, feni isije ikazipeperusha.

"Sasa mjomba," akaniambia, "ugonjwa ni mmoja, kisu ni kimoja. Mbona bei kama za watu watatu?"

Karatasi ya kwanza ilikuwa na tarakimu ndogo na mistari mingi: kufungua faili, kumuona daktari, vipimo, upasuaji, kitanda, na chini kabisa maneno ya kalamu, "dawa na vifaa kadiri vitakavyohitajika." Ya pili ilikuwa fupi, bei yake ya kati, imeandikwa na siku: Alhamisi, maana ndiyo siku daktari wa upasuaji hufika pale. Ya tatu ilikuwa imechapwa, ina nembo ya rangi na tarakimu moja nene iliyobeba kila kitu mpaka kitanda cha siku mbili, pamoja na sharti la kulipa nusu kabla ya kulazwa.

Tulikaa na zile karatasi hadi saa nne usiku. Haya ninayoandika yametoka mezani pale, nikaongezea niliyoyaona kwa miaka ya kuuguza watu wangu. Ni kwa mtu wa Tanzania Bara anayesita kati ya milango hii mitatu, iwe kwa upasuaji wa kupanga, kujifungua, au dawa za presha za kila mwezi.

Tuliyouliza kila mlango

Kabla ya kulinganisha tulikubaliana kila mlango uulizwe maswali yaleyale. Pesa: kiasi gani, inalipwa lini, na bima ipi inaingia. Muda: kutoka getini hadi kwa daktari, na kutoka kwa daktari hadi siku ya kisu. Utaalamu na mashine. Dawa na vifaa. Mwisho, siku mambo yakienda kombo: dharura, rufaa, na pa kupeleka malalamiko. Rangi ya ukuta na televisheni ya mapokezi tuliziacha nje. Nilitaka kuacha na vyoo, lakini mjomba akasema choo ni kigezo kwa mtu aliyeshonwa tumbo, na hapo sikuwa na la kubisha. Choo kaangalie mwenyewe, kabla ya kufungua faili.

Milango hii ilitoka wapi

Hospitali nyingi za misheni ni za zamani kuliko Uhuru, au zinakaribia umri huo. Haydom, kule Mbulu, ilifunguliwa mwaka 1955. Serikali baada ya Azimio la Arusha ikasambaza zahanati na vituo vya afya vijijini, na mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali za kibiashara. Mashirika ya dini yakaachwa yaendelee. Mwaka 1991 sheria ikarekebishwa, hospitali binafsi zikarudi. Miaka miwili baadaye, 1993, serikali nayo ikaanza kuwatoza wagonjwa kwa jina la kuchangia gharama, kwa awamu, ikianzia hospitali za juu. Ndiyo sababu hospitali ya misheni utaikuta mwisho wa barabara ya vumbi, na ya binafsi utaikuta penye lami na watu wa mishahara.

Mpaka kati ya milango hii una matundu. Bugando ya Mwanza ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa mwaka 1971, serikali ikaichukua mwaka 1972, kisha ikairudisha kwa maaskofu mwaka 1985. Leo kanisa ndilo mwenye mali, serikali inalipa mishahara ya watumishi wengi, na ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. KCMC ya Moshi nayo ni ya namna hiyo kwa Kaskazini. Ziko hospitali za dini zilizoteuliwa kuwa hospitali za wilaya, tunaziita hospitali teule. Na ndani ya Muhimbili penyewe, hospitali ya taifa, kuna huduma ya kulipia zaidi ili umuone bingwa bila foleni ndefu. Kwa hiyo bango la getini lisikutoshe. Uliza nani anamlipa daktari na nani analeta dawa, maana tabia ya hospitali inatoka hapo.

Pesa

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Serikalini bei iko chini kwa sababu jengo na mshahara wa daktari vimeshalipwa kwa kodi. Unachochangia ni sehemu tu. Na wapo wasiotakiwa kuchangia: wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, pamoja na wagonjwa wa baadhi ya maradhi kama kifua kikuu na UKIMWI. Msamaha haujitokezi wenyewe. Mzee anatakiwa awe na kitambulisho au barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, apite ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ndipo faili ligongwe muhuri. Nimemwona mzee akilipia kipimo ambacho hakutakiwa kukilipia, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia mlango wa ustawi wa jamii uko wapi. Ulizia mlango huo kabla ya kwenda dirisha la malipo. Baada ya kulipa pesa hairudi kirahisi.

Tatizo la bei ya serikali ni kwamba haiji yote kwa pamoja. Unapewa kontroo namba ya faili, unalipa kwa simu. Unapewa nyingine ya kipimo. Kesho yake ya picha. Keshokutwa unaandikiwa uzi wa kushonea ukanunue duka la nje. Jumla yake bado iko chini, ila hutaijua mpaka siku ya kuruhusiwa. Mwenye pesa ya kudunduliza anaweza kuiona hali hiyo ni nafuu. Mwenye kukopa mara moja tu kwenye kikoba itamsumbua.

Misheni bei ni ya kati, na mara nyingi inajulikana mapema. Kinachowachanganya watu ni msamaha. Wengi wanadhani mama akijifungua bure kwa serikali, atajifungua bure na kwa masista. Hupata hivyo pale tu ambapo halmashauri ina mkataba na hospitali hiyo, kama ilivyo kwa hospitali teule. Pasipo mkataba utalipa, ingawa ni mahali ambapo mtu asiye na kitu anaweza kwenda ofisini akasikilizwa, akapangiwa kulipa kidogo kidogo. Nimeona deni likilipwa kwa magunia mawili ya mahindi, na risiti ikatolewa.

Binafsi unalipa gharama nzima pamoja na faida ya mwenye hospitali, na unalipa mbele. Hilo si kosa, ndivyo biashara ilivyo; hakuna kodi inayolipa mshahara wa nesi wa pale. Cha kutazama ni namna pesa inavyotembea. Kila kipimo ni mapato, kwa hiyo kishawishi cha kuongeza kipimo hakiishi. Mwanangu aliwahi kushikwa na homa usiku, nikamkimbiza hospitali moja binafsi. Malaria hakuna. Wakapima na mkojo, choo, damu nzima, mwishowe wakataka na picha ya kifua, mtoto hata kukohoa hakohoi. Huenda daktari alikuwa makini tu. Lakini nilipomuuliza, "Hii picha ikionyesha kitu, dawa itabadilika?" alitabasamu, akaifuta. Swali hilo ni la adabu na halina gharama. Liulize.

Bima zinaugeuza mchezo wote. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa umma huchangia asilimia 6 ya mshahara, nusu yeye nusu mwajiri, na kadi inawafunika mwenza na wategemezi wanne. Kadi hiyo inaingia serikalini, misheni, na kwenye hospitali binafsi zenye mkataba. Hapo kwenye mkataba weka alama. Tarehe 1 Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia orodha mpya ya bei, hospitali kubwa kadhaa za binafsi zilisitisha kuwapokea wanachama wake. Mvutano ulimalizika baada ya muda mfupi, lakini kwa siku zile mtu mwenye kadi halali alirudi nyumbani bila kutibiwa, au akatoa fedha taslimu. Hospitali ya serikali haina ujanja huo wa kugoma.

CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ni kitu kingine. Kaya ya watu wasiozidi sita imekuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi, ikatibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa kufuata ngazi. Ukiruka ngazi, kadi haikusaidii, na hospitali binafsi ya mjini haiitambui. Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na utaratibu wake unabadilisha mifuko hii na vifurushi vyake. Kwa hiyo usikariri bei ya jirani: kabla ya kulipia bima yoyote, taja hospitali mbili unazozitumia kweli na uonyeshwe majina yake kwenye orodha. Bima za makampuni, zile za kupewa na mwajiri, hufungua milango mingi ya binafsi. Zina ukomo wa fedha kwa mwaka, na ukomo huo mtu huugundua akiwa wodini.

Muda

Serikalini foleni ni ya kweli. Siku ya kliniki utafika saa kumi na mbili asubuhi ukute madaftari yamepangwa benchi zima kushika nafasi ya wenyewe waliokwenda kunywa chai. Kumuona daktari kunaweza kukumalizia siku. Foleni mbaya zaidi ni ile isiyoonekana, ya theta, yaani chumba cha upasuaji. Ngiri isiyobana si dharura, kwa hiyo kila anapoletwa mama wa upasuaji wa uzazi au kijana wa bodaboda, wewe unasogezwa. Mjomba alipewa tarehe ya wiki saba mbele, na muuguzi akamwambia kwa upole, "Baba, uje, ila usije na furaha sana."

Binafsi alipewa kesho kutwa. Ukweli lazima usemwe: muda ndio bidhaa kuu inayouzwa pale, na kwa dereva au fundi anayelipwa kwa siku, wiki saba za kutobeba kitu zinaweza kuwa ghali kuliko tofauti ya bei. Piga hesabu hiyo kwa penseli kabla ya kusema binafsi ni ghali.

Misheni ni kalenda. Ukiangukia siku ya daktari, mambo yanakwenda kama saa. Ukiikosa, unasubiri wiki nzima, au mwezi kama bingwa anatoka mbali.

Utaalamu na mashine

Hapa watu wengi wanakosea. Daktari bingwa uliyemlipia binafsi jioni, mara nyingi ndiye yuleyule aliyekuwa wodi ya hospitali ya rufaa asubuhi. Hukununua mikono mingine. Umenunua dakika ishirini za kukaa naye badala ya tano, na mlango unaofungwa wakati unaeleza ugonjwa wako.

Kwa magonjwa mazito, kina cha utaalamu kiko zaidi upande wa umma. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, inafanya upasuaji ambao zamani wagonjwa walipelekwa India. MOI, taasisi iliyoko Muhimbili, ni ya mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu. Ocean Road, jengo ambalo Wajerumani walilisimamisha mwishoni mwa karne ya 19, ni ya saratani. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Hospitali binafsi chache za Dar es Salaam nazo zina mabingwa na mashine nzuri, na maabara zao hutoa majibu siku hiyohiyo. Lakini ile ya mtaani kwako yenye jina la "spesheli" inaweza kuwa na daktari mmoja wa kawaida na simu ya bingwa. Uliza swali la moja kwa moja: atakayenipasua ni nani, na usiku nikizidiwa yuko nani?

Umma nao si kitu kimoja. Zahanati ya kijiji na taasisi ya moyo zote ni za serikali, na tofauti kati yao ni kubwa kuliko tofauti ya serikali na binafsi. Ukisikia mtu anasema "hospitali za serikali mbovu," muulize ya ngazi gani.

Misheni zina tabia ya kuwa na mtu mmoja anayejua sana kitu kimoja. Hapa kuna sista anayezalisha kwa miaka 30, pale kuna mtaalamu wa macho, kwingine kambi ya wageni wanaokuja kushona midomo ya sungura. Kinachowafaa wengi ni kwamba watumishi wanakaa. Serikalini utamzoea daktari, mwakani kahamishwa. Kasoro yao ni mashine. Hospitali moja ya misheni niliyompeleka shangazi ilikuwa na mashine ya picha iliyoletwa na wafadhili; ilipoharibika, kifaa kikasubiriwa kutoka ng'ambo miezi mitano, na wagonjwa wakawa wanapandishwa gari kwenda kupigwa picha mjini na kurudi.

Dawa na vifaa

Serikali hununua kwa Bohari ya Dawa, MSD. Ikiwepo, ni rahisi na ni ya uhakika. Isipokuwepo, utasikia "kanunue nje," na mwenye bima atapewa fomu ya kuchukulia duka lenye mkataba. Hospitali binafsi hununua popote, kwa hiyo dawa haikosekani, ila mara nyingi utapewa ile ya jina la kampuni wakati ya kawaida yenye kazi ileile ipo. Omba uandikiwe jina la dawa yenyewe. Misheni huchanganya: za kununua, za msaada, wakati mwingine na za serikali pale penye mkataba.

Yapo mambo ambayo mlango haubadilishi kitu. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na za kifua kikuu hutolewa bure hata katika vituo vya dini na binafsi vilivyosajiliwa kuzitoa. Chanjo za watoto ni hivyohivyo. Damu nayo haiuzwi: hospitali binafsi nazo hutegemea mpango wa taifa wa damu salama, na ndugu wataombwa kuchangia wawe wamelipa shilingi ngapi. Mtu akikutajia bei ya chupa ya damu, ujue umekutana na dalali.

Mambo yakienda kombo

Ajali na dharura nzito: nenda penye theta inayofanya kazi usiku na daktari wa zamu aliyepo, hata kama si mlango ulioupenda. Kituo chochote kinatakiwa kumhudumia kwanza mgonjwa wa dharura ndipo kizungumzie malipo, ingawa katika baadhi ya hospitali binafsi kauli ya kianzio hutangulia salamu. Idara ya dharura ya Muhimbili iliyofunguliwa mwaka 2010 ilibadilisha mambo mengi Dar es Salaam. Hospitali nyingine kubwa za umma zimejenga za kwao baadaye.

Kwa mjamzito aliyezidiwa, au mama aliyetoka kujifungua, au kichanga, kuna m-mama. Unapiga 115 bila malipo, wanatuma gari la wagonjwa, au likikosekana, dereva wa eneo lenu aliyesajiliwa na anayelipwa na mfumo. Iandike namba hiyo ukutani karibu na swichi. Vifo vya uzazi vilivyopimwa kwenye utafiti wa taifa vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni vituo vya afya vya kata kuongezewa theta, kwa hiyo hata mlango wa serikali wa ngazi ya chini si ule wa zamani.

Rufaa nayo inategemea ulikoanzia. Ukiwa serikalini, barua ya rufaa inakubeba ngazi hadi ngazi. Ukiwa binafsi, hali ikiwa ngumu au pesa ikiisha, utahamishiwa serikalini, na utaanza na faili jipya. Ukianzia binafsi, omba nakala ya majibu yote kila siku, usingoje siku ya kuhama.

Malalamiko ya utabibu kwa daktari yeyote, wa mlango wowote, yanapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Ya wauguzi yana baraza lao. Ya huduma na lugha, serikalini una mganga mfawidhi na mganga mkuu wa wilaya; misheni una katibu wa hospitali na dayosisi; binafsi una mwenye mali, ambaye huogopa zaidi maneno ya mtaani kuliko barua.

Mlango upi unamfaa nani

Serikali inamfaa mwenye haki ya msamaha, mwenye CHF, mwenye ugonjwa mzito unaohitaji taasisi, na mwenye muda kuliko fedha. Itamchosha asiyeweza kukosa kazi siku nzima, na mgonjwa asiye na ndugu wa kuzungukazunguka madirishani.

Misheni inamfaa wa kijijini, mama anayetaka mkunga atakayemkuta palepale mimba ijayo, na mtu anayetaka kujua bei mapema bila kuwa tajiri. Haimfai anayehitaji kipimo kikubwa leo hii.

Binafsi inamfaa mwenye bima nzuri, mwenye shughuli ndogo ya kupanga, mwenye kuhitaji majibu ya maabara haraka au faragha. Haimfai anayeanza safari ndefu ya matibabu kwa akiba ya miezi miwili. Nimeona familia ikiuza kiwanja kulipia wiki mbili za uangalizi maalumu, kisha mgonjwa akahamishiwa serikalini wiki ya tatu, kitanda cha hali ileile.

Kwa hali yako

*Una mimba isiyo na shida, uko mjini.* Kliniki fanya kituo cha afya cha serikali, ni bure na kadi yake inakubalika kote. Pa kujifungulia, chagua kwa theta na kwa mkunga wa usiku. Ukienda serikalini, andaa kabisa mpira wa kujifungulia, pamba, glovu, uzi na khanga tatu. Mambo ya bure yana mapengo. Ukienda binafsi, uliza bei mbili mapema, ya kawaida na ya upasuaji, na nani anaamua kuhama kutoka moja kwenda nyingine.

*Presha au sukari.* Hii ni ndoa ya maisha, chagua unachoweza kukilipia mwaka wa kumi. Watu wengi wanachanganya vizuri: kliniki ya mwezi serikalini au misheni, na kipimo kikubwa cha mwaka binafsi pale mashine ya umma inapokuwa na foleni.

*Uvimbe unaotiliwa shaka.* Kama una uwezo, ukatwe kinyama kikapimwe mahali penye majibu ya haraka, hata binafsi. Matibabu yenyewe yaelekeze mapema kwenye taasisi au hospitali ya kanda. Miezi inayopotea ni ile ya kuzunguka vituo vidogo.

*Mtoto ana homa usiku.* Palipo karibu.

*Una NHIF.* Usiione kadi kama tiketi ya binafsi tu. Mabingwa wa hospitali ya rufaa ya mkoa wako wanakubali kadi hiyohiyo, na kliniki zao zimepangwa kwa siku. Piga simu uulize.

*Huna bima na huna akiba, na ugonjwa unasubirika.* Anzia zahanati ya kwenu upate barua, pitia ustawi wa jamii, na wakati unangoja tarehe, jiunge na bima kabla hali haijawa dharura.

*Ngiri, kama ya mjomba.* Ikianza kuuma ghafla, ikawa ngumu na hairudi, na unatapika, usingoje karatasi yoyote: hiyo ni theta ya usiku huohuo, popote. Isipobana, karatasi zote tatu ni halali.

Mjomba alizipanga upya karatasi zake mara nyingi usiku ule. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu ya siku za kazi, ya nauli, na ya kianzio. Yeye akachukua ile ya katikati, ya Alhamisi, akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati.

"Kwa nini hiyo?" nikamuuliza.

"Dada yangu nyumba yake iko nyuma ya ukuta wa hospitali ile," akasema. "Wewe hapo umeandika pesa, umeandika mashine. Uji wa saa moja asubuhi hukuuandika."